Maisha ya Sibawaihi, Mwajemi Aliyekuwa Imamu wa Nahau

Jina lake ni Amri bin Uthman bin Qanbar, na kunia yake ni Abu Bishri, lakini watu wote humjua kwa lakabu yake, Sibawaihi. Lakabu hii si ya Kiarabu bali ni ya Kiajemi, na wengi katika wanavyuoni wameifasiri kuwa ni harufu ya matufaha. Wamesema kuwa mamaye ndiye aliyekuwa akimchezesha kwa jina hilo alipokuwa mchanga. Kwa nasaba hakuwa Mwarabu. Jamaa zake walikuwa mawali, yaani watu wa walaa, wa Bani Harith bin Kaab. Alizaliwa katika karne ya pili ya Hijra katika mji wa Baydhaa, karibu na Shirazi, mji ambao watu wa pwani ya Waswahili huutaja sana katika asli zao. Lugha aliyonyonya ni Kiajemi.

Alipokuwa kijana alihama kwao akenda Basra kutafuta ilimu. Basra ulijengwa katika zama za Sayyidna Umar bin Khattab r.a. kuwa kambi ya majeshi, kisha ukakua hata ukawa mji mkubwa wa biashara na wa ilimu. Jina hili si geni kwa watu wa pwani, kwani kwa karne nyingi majahazi yalikuwa yakishuka na kaskazi kutoka huko yakiwa na tende. Wakati huo walikusanyika humo Waarabu wa makabila mbali mbali, na Waajemi, na watu wa Sindi, na watu weusi waliotoka upande wa Afrika, na Kiajemi kilikuwa kikisikiwa masokoni kama Kiarabu. Mwajemi aliweza kukaa Basra umri wake wote, akauza na akanunua na akaoa, wala asijue Kiarabu ila cha kumtosha njiani. Lakini nje ya mji palikuwa na Mirbad, soko la ngamia, ambapo Mabedui walikuwa wakija kutoka jangwani na washairi wakishindana, na wapendao lugha safi walikuwa wakenda huko kuwasikiliza.

Sibawaihi hakuja kwa ajili ya nahau. Alikuja kusoma hadithi na fikihi, akakaa katika darsa ya Hammad bin Salama, mmoja katika mashekhe wakubwa wa hadithi wa Basra, aliyekufa mwaka wa 167 (783). Siku moja alikuwa akisoma mbele yake hadithi ambayo ndani yake Mtume s.a.w. anamtoa Abu Dardai katika jumla ya masahaba zake kwa jambo linalotajwa humo, na neno lililotumika kumtoa ni laysa. Kijana akasoma Abu, kwa wau, akidhani kuwa jina hilo ni ismu ya laysa nalo haliwi ila marfui. Shekhe akamzuia mbele ya wanafunzi, akamjulisha kuwa amefanya lahani. Laysa ya hapo ni ya istithnai, na jina lililo baada yake huwa mansubu, husomwa Aba kwa alifu.

Khitilafu yenyewe ni ya herufi moja. Lakini wamjuao mtu anayesoma katika nchi isiyokuwa yake, kwa lugha isiyokuwa yake, wajua uzito wa herufi hiyo. Mwarabu akikosea, watu husema ulimi umeteleza. Mgeni akikosea, watu hukumbuka kuwa ni mgeni. Wengi katika waliopatwa na kama haya walinyamaza tangu siku hiyo, wakawa hawasomi tena kwa sauti. Sibawaihi, ambaye juu ya ugeni wake alikuwa na uzito wa ulimi katika kusema, alimjibu shekhe wake kuwa hapana budi atatafuta ilimu ambayo haitampa mtu njia ya kumkosoa tena lahani. Akaondoka katika darsa ile akamwendea Khalil bin Ahmad.

Khalil bin Ahmad Alfarahidi alikuwa katika kabila la Azdi, na asli yake ni Omani. Huyu ndiye aliyeitoa ilimu ya arudhi, na ndiye aliyeanzisha kamusi ya kwanza ya Kiarabu, Kitabul Ayn. Pamoja na ilimu hiyo yote alikuwa akikaa Basra katika kibanda cha matete, hana kitu, na wanafunzi wake wakila mali kwa ilimu yake. Mlango wake ulikuwa wazi kwa kijana wa Kiajemi, na imepokewa kuwa alikuwa akimkaribisha kwa kumwita mgeni asiyechosha, neno ambalo waliomjua Khalil wamesema hawakupata kumsikia akimwambia mwingine. Sibawaihi alikuwa akiuliza na Khalil akijibu, naye akiandika. Katika Kitabu chake amemtaja Khalil zaidi ya mara 500. Alisoma pia kwa Yunus bin Habib na kwa Abul Khattab Alakhfash, na kila alipomwona Bedui mwenye ulimi wa kuaminiwa alimsikiliza.

Wala kuhama kwa ajili ya Kiarabu hakukuwa kwa wasiokuwa Waarabu peke yao. Imamu Shafi r.a., aliyeishi katika zama hizo hizo, alikuwa Mkuraishi, mtu wa kabila la Mtume s.a.w., na juu ya hayo alitoka Makka akenda kukaa na Bani Hudhayl jangwani ili kuchukua lugha yao na mashairi yao. Basi vipi Mwajemi wa Baydhaa asione haja?

Na mgeni huona ambalo mwenyeji halioni. Mwarabu hamaki kwa nini anasema hivi asiseme vile. Amekuta wazee wake wakisema, naye husema. Sibawaihi hakuwa na wazee wa kuwafuata katika lugha hiyo, kwa hivyo kila neno alitaka kujua sababu yake. Katika Kitabu chake anaeleza namna Waarabu wanavyoacha maneno ambayo msikilizaji huyajua kwa hali iliyopo. Amepiga mfano wa watu wanaotazama mwezi mwandamo, na mtu aliye mbali akisikia takbiri yao hutaja mwezi tu, kwa fat-ha, wala hataji kitendo cha kuona, kwani kitendo kimekwisha fahamika. Mambo kama haya hayapatikani ila kwa kukaa na watu katika safari zao, na mashindano yao, na kutazama kwao mwezi. Ameweka pia milango juu ya maneno ya Kiajemi yaliyoingia katika Kiarabu, na herufi zilizogeuzwa yalipoingia. Na katika hayo alikuwa na haki ya kusema kuliko mashekhe wake.

Wanaofundisha Kurani vyuoni wana deni kwake hata wasipomjua. Ni yeye aliyezipanga herufi za Kiarabu mahali zinapotoka, kutoka kooni mpaka midomoni, akazifanya makharija 16, akaeleza ulimi unagusa wapi na pumzi inapita wapi. Shatibi ameifuata hisabu hii, naye Ibnul Jazari amezifanya 17 kwa kumfuata Khalil. Dhadi, ambayo humshinda kila asiyekuwa Mwarabu, ameieleza mahali pake katika ubavu wa ulimi na magego, na akataja pia dhadi dhaifu isiyopendeza. Yafaa kujua kuwa aliyeyaandika haya ni mtu aliyejifunza herufi hizo kwa taabu ya ulimi wake mwenyewe.

Khalil alikufa kiasi cha mwaka wa 175 (791), na Kitabu kikadhihiri baada yake. Yunus bin Habib akaambiwa kuwa Sibawaihi ametunga kitabu cha karatasi elfu katika ilimu ya Khalil. Yunus akashangaa, akauliza ni lini aliyasikia yote hayo kwake, akataka aletewe kitabu. Alipokitazama akayakuta maneno yake yeye mwenyewe yamepokewa kama alivyoyasema, bila ya kuzidisha wala kupunguza. Akakiri kuwa ikiwa amekuwa mkweli kwake basi na kwa Khalil ni mkweli. Hii ni amana ya ilimu, na waliomhusudu Sibawaihi hawakupata pa kumtia ila wasiseme haya.

Kisha akenda Baghdadi. Mkuu wa nahau huko alikuwa Kisai, mtu wa Kufa, mmoja katika makurraa saba, na mwalimu wa watoto wa Harun Rashid. Waziri Yahya bin Khalid Albarmaki akaweka majlisi ili wajadiliane. Kwanza wanafunzi wa Kisai, Ahmar na Farrau, walimpokea Sibawaihi kwa maswali na kila jibu wakilikataa, hata akaona hapana haja ya kusema na mtu mpaka aje bwana wao. Kisai akaja akamuuliza mas-ala ambayo mpaka leo huitwa mas-ala ya nyigu: mtu alidhani kuwa nge huuma kuliko nyigu, kumbe huyu ni kama yule. Je, dhamiri ya mwisho yaweza kuwa hiya tu, au na iyyaha pia? Sibawaihi akasema ni hiya, wala nasba haijuzu. Kisai akasema Waarabu husema yote mawili.

Waziri akataka mwenye kuwahukumu. Mlangoni palikuwa na Mabedui waliomjua Kisai, wakaitwa, wakaafikiana naye. Imepokewa kuwa Sibawaihi alitaka waamrishwe waitamke wenyewe hiyo nasba, kwani ndimi zao zisingewatii, lakini halikufanywa. Wako waliosema kuwa Mabedui wale walihongwa, na wako waliosema kuwa waliogopa cheo cha Kisai kwa Khalifa. Haifai kumtia ubaya imamu wa kisomo kwa khabari isiyothibiti. Lakini wanavyuoni wengi wa nahau waliokuja baadaye wamesema kuwa haki katika mas-ala haya ilikuwa kwa Sibawaihi.

Na katika jambo hili pana ajabu ambayo wengi hawaikumbuki. Kisai naye asli yake ilikuwa ya Kiajemi. Kisai naye aliingia katika nahau akiwa mtu mzima, baada ya kukosolewa lahani katika neno moja mbele ya watu, na Kisai naye alikaa kwa Khalil Basra, kisha akatoka kwenda majangwa ya Hijazi na Najdi na Tihama, akaandika hata akamaliza chupa 15 za wino. Watu wawili walioumizwa na jambo moja walikutana siku ile mbele ya waziri, na mmoja wao alikuwa na dola nyuma yake.

Kisai mwenyewe akamwombea Sibawaihi kwa waziri asirudi mikono mitupu, akapewa dirhamu 10,000. Akazichukua akatoka, wala hakurudi kukaa Basra. Alikata njia kwenda Farsi, nchi aliyoiacha akiwa kijana, na huko akapatwa na maradhi. Imesimuliwa kuwa alikuwa amelaza kichwa katika mapaja ya nduguye, na chozi la nduguye likamdondokea usoni. Akafumbua macho akamkumbusha kuwa walikuwa pamoja, na zama zikawafarikisha. Kauli mashuhuri ni kuwa alikufa mwaka wa 180 (796), hajapata uzee. Kaburi lake liko Shirazi, katika mtaa uitwao Jiwe Jeusi.

Alikufa kabla ya kukiwekea Kitabu dibaji wala khatima, wala jina hakikuwa nalo. Ndipo watu wakakiita Kitabu tu. Aliyekihifadhi ni mwanafunzi wake Akhfash wa Kati, ambaye kwa umri alikuwa mkubwa kuliko yeye. Katika Kitabu mna beti za ushahidi 1,050, na Jarmi aliyezikagua alijua wenyewe wa beti 1,000, zikabaki 50. Mubarrad, aliyekufa mwaka wa 285 (898), alikuwa akimwuliza kila anayetaka kukisoma kwake kama amepata kupanda bahari. Kilipigwa chapa Paris katika miaka ya 1881 hata 1889, kisha Bulaq, Misri, na chapa iliyosahihishwa na Abdus Salam Harun ikatoka Kairo baada ya hapo.

Na Akhfash, alipopata khabari ya majlisi, alikwenda Baghdadi akasali alfajiri nyuma ya Kisai, kisha akamwuliza mas-ala mia, na kila alilolijibu akamwonyesha kosa lake. Wanafunzi wakataka kumrukia, Kisai akawazuia, akamkalisha karibu naye, akamfanya mwalimu wa watoto wake. Baadaye akamwomba wakae faragha amsomeshe Kitabu cha Sibawaihi, akampa dinari 70. Ama Farrau, yule aliyemkataza Sibawaihi majibu yake mlangoni, alipokufa mwaka wa 207 (822) imesimuliwa kuwa Kitabu kilikutwa chini ya mto aliokuwa akilalia.