Mwenye Heri Niels Stensen na mtoto mwenye vidole vilivyoshikana

Wapenzi wakatekumeni, kijijini akizaliwa mtoto mwenye vidole vilivyoshikana, mara nyingi maneno huanza kabla kitovu hakijaanguka. Mmoja humshitaki bibi yake kuwa ni mchawi, mwingine husema mama yake alivunja mwiko. Basi sikilizeni habari za mtu aliyemtazama mtoto wa namna hiyo bila hofu, ambaye leo Eklezya inamwita Mwenye Heri.

Niels Stensen alizaliwa mwaka 1638 Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Baba yake alikuwa mfua dhahabu, na jamaa yake walikuwa Walutheri. Alijifunza udaktari, akawa fundi sana wa kupasua miili ya wanyama na ya wafu ili ajue viungo vyake. Mwaka 1660, akiwa Amsterdam, alipasua kichwa cha kondoo akaona mfereji mdogo uletao mate kinywani. Mfereji huo umo hata mashavuni mwetu, na madaktari wanauita kwa jina lake mpaka leo. Tena alionyesha kwamba moyo ni msuli, kama nyama ya mkono au ya mguu.

Alipenda kujua jinsi mwili unavyoanza. Alipasua mayai yenye vifaranga, akaona jinsi kiini cha yai kinavyoingia katika matumbo ya kifaranga kuwa chakula chake. Na alipokaa Paris, kati ya mwaka 1664 na 1665, alipasua mwili wa kitoto kilichokufa kabla ya kuzaliwa. Mdomo wake ulikuwa umepasuka, vidole vyake vimeshikana, na moyo wake haukuumbika sawasawa. Siku zile watu wengi wa Ulaya nao waliogopa watoto wa namna hiyo, wakidhani ni ishara ya msiba. Stensen hakutafuta mchawi. Aliandika kiungo kwa kiungo yale aliyoyaona, akaeleza jinsi damu ilivyopita katika moyo ule.

Baada yake elimu imeendelea, nasi leo twajua zaidi. Mtoto akiwa tumboni karibu majuma manne, vichipukizi vidogo hutokea ubavuni mwake, vya mikono kwanza, kisha vya miguu. Ncha ya kila kichipukizi hupanuka, ikafanana na kafi la mtumbwi. Ndani ya kafi hilo vidole vitano huanza kuonekana, lakini nyama ingali inaviunganisha. Halafu nyama iliyo kati ya vidole hufa na kutoweka. Majuma manane yakitimia, vidole vimeachana. Mtazameni bata: kwake nyama hiyo haifi, inabaki, naye anaogelea kwayo. Basi nyama ikibaki kwa mtoto wa mtu, atazaliwa na vidole vilivyoshikana. Pengine jambo hilo hurithiwa katika ukoo, kama sura inavyorithiwa. Mara nyingi daktari aweza kuvitenga. Yote haya hutendeka gizani mwa tumbo, wakati mwingine kabla mama hajajua vema kwamba ana mimba. Amekosa nini, hata ashitakiwe?

Turudi kwa Stensen. Mwaka 1666, katika mji wa Livorno, nchi ya Italia, aliona maandamano ya Sakramenti Takatifu. Alijiuliza moyoni: ama mkate ule si kitu, na watu wale wote wanadanganyika, ama kweli ndio Mwili wa Kristu. Hakuamini upesi. Alisoma, aliuliza, alisali zaidi ya mwaka mmoja, kama ninyi mnavyongoja katika mafundisho yenu. Mwezi wa Novemba 1667 akapokelewa katika Eklezya Katolika.

Mwaka 1675 alipewa upadri. Mwaka 1677 Papa Inosenti XI alimfanya askofu, akamtuma kwa Wakatoliki wachache wa Ujerumani ya kaskazini. Huko aliishi kimaskini, akauza hata pete na msalaba wake wa uaskofu ili awasaidie wahitaji. Alikufa Schwerin mwaka 1686, mwenye miaka 48, na mwili wake ulizikwa Florence. Tarehe 23 Oktoba 1988 Papa Yoane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Bwana wetu Yezu alipoulizwa habari za mtu aliyezaliwa kipofu, alikana kwamba upofu ule ulitoka kwa dhambi yake au ya wazazi wake. Anayetaka kubatizwa lazima amfuate Yezu katika jambo hilo pia. Siku mtoto wa namna hiyo atakapozaliwa kijijini, wewe mkatekumeni uwe wa kwanza kuingia nyumbani mwa mama yake. Umpokee mtoto mikononi mwako, umshukuru Mungu kwa ajili yake, na mchana kweupe umsindikize mama hospitalini.