Codd: Mwajiriwa aliyerudi darasani

Edgar Codd, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1923, alikuwa rubani wa vita kabla ya kuajiriwa na IBM, Marekani. Akiwa tayari na kazi, alirudi darasani, na mwaka 1965 akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan.

Mwaka 1970 alipendekeza taarifa za kompyuta zipangwe kwa majedwali, mfano wa daftari la duka: moja la wateja, jingine la madeni, yakiunganishwa kwa namba ya mteja. IBM, iliyokuwa ikiuza mfumo mwingine, ilisita. Kampuni changa iliyokuja kuitwa Oracle ikawahi sokoni mwaka 1979. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Codd alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1981, akafariki mwaka 2003. Benki nyingi bado hutunza akaunti kwa majedwali hayo.