Zinzendorf: Mwenyeji Aliyewapokea Wakimbizi wa Makanisa Mbalimbali



Jumapili asubuhi katika makazi yetu nyimbo zinasikika pande zote. Huku wanaimba kwa kitabu, kule ngoma zinalia na watu wanacheza, na pale waamini wametulia wakisubiri Misa. Mtu aliyeshushwa na lori juzi anajiuliza aende wapi. Na akienda, tunampokeaje? Makanisa mengine humsimamisha ajitambulishe, wakampigia makofi. Mengine humwacha akae nyuma, akatoka kama alivyoingia. Mengine humwomba barua ya mchungaji wake kabla hajakaribia Meza ya Bwana, na barua yenyewe iliungua pamoja na nyumba.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaletea habari za mtu aliyeishi Ujerumani karibu miaka 300 iliyopita. Jina lake ni Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Wengi wanamjua kuwa ni baba wa Wamoravian wa leo. Wachache wanajua kwamba kazi yake yote ilianza kwa wakimbizi waliofika kwenye shamba lake, ambao hawakupatana juu ya namna ya kumwabudu Mungu.

UTOTO NA MASOMO

Zinzendorf alizaliwa mjini Dresden tarehe 26 Mei 1700, katika ukoo wa makabaila wenye mali na cheo. Baba yake alifariki mtoto akiwa na majuma sita tu. Mama yake alipoolewa tena, mtoto alibaki kwa bibi yake, Henriette Catharina von Gersdorff, mama wa sala na mwenye elimu. Familia ilikuwa ya Kilutheri. Nyumbani kwa bibi walikuja watu waliofundisha kwamba haitoshi kwenda kanisani Jumapili, bali Wakristo wakutane pia nyumbani, wasome Neno na kuombeana.

Akiwa na miaka 10 alipelekwa shule ya Halle, iliyoongozwa na August Hermann Francke. Huko alisikia habari za wamisionari waliokuwa India. Mwaka 1716 alihamia Wittenberg kusoma sheria, kwa kuwa jamaa zake walitaka awe mtumishi wa serikali. Walimu wa Halle na wa Wittenberg walikuwa Walutheri wote, lakini walipingana vikali. Kijana huyu alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Hata hivyo tabia yake ilionekana mapema.

Mwaka 1719 alianza safari ya Uholanzi na Ufaransa. Huko Uholanzi alikaa na Wakalvini, ambao ibada yao haikuwa na mapambo wala sanamu. Huko Paris alifanya urafiki na Kardinali de Noailles, askofu mkuu wa Kikatoliki. Walijadiliana sana, na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Kila mmoja alibaki katika kanisa lake, na urafiki wao ukaendelea. Zinzendorf alirudi nyumbani akiwa Mlutheri vilevile, lakini alikuwa amemwona Kristo kwa watu ambao wengi wa nyumbani kwake wasingewaita ndugu.

WAGENI WALIOFIKA USIKU

Katika nchi ya Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, walikuwako Wakristo waliotokana na mafundisho ya Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415. Kanisa lao, Umoja wa Ndugu, lilianza mwaka 1457. Baada ya vita vya mwaka 1620 watawala waliwakataza kuabudu kwa njia yao. Wengi walihama. Waliobaki walificha vitabu vyao na kuomba kwa siri kwa miaka mia moja hivi.

Fundi seremala mmoja, Christian David, aliyezaliwa Mkatoliki na kuwa Mlutheri, alikuwa akivuka mpaka na kuwatia moyo. Mwaka 1722 alionana na Zinzendorf, akapata ruhusa ya kuwaleta. Usiku mmoja wa mwezi Mei, watu wachache wa ukoo wa Neisser waliacha nyumba, mashamba na vyombo vyao, wakatoka na watoto wao. Sisi hatuhitaji kuelezwa usiku wa namna hiyo.

Walipofika, Zinzendorf alikuwa kazini Dresden. Bibi yake hakuwapokea kwa furaha mwanzoni, lakini baadaye aliwapa ng'ombe ili watoto wapate maziwa. Msimamizi wa shamba la Berthelsdorf, Johann Georg Heitz, aliwaonyesha mahali pa kujenga kwenye kilima kando ya njia. Tarehe 17 Juni 1722 Christian David aliangusha mti wa kwanza. Kijiji kiliitwa Herrnhut, maana yake ni ulinzi wa Bwana.

Mwezi Desemba mwaka huohuo Zinzendorf alipita njia hiyo na mke wake Erdmuthe Dorothea, waliyekuwa wamefunga ndoa Septemba. Aliona mwanga wa taa mahali ambapo hapakuwa na nyumba. Akaingia, akawasalimu, akapiga magoti na kuomba pamoja nao. Ndipo akaendelea na safari.

PAA MOJA, UGOMVI MWINGI

Habari zilienea. Watu wa Moravia waliongezeka, wakaja pia Walutheri, Wakalvini, wafuasi wa Schwenckfeld na wengine waliokataa makanisa yote. Kufikia mwaka 1727 walikuwa kama 300. Ardhi walipata na kazi walipata, lakini amani hawakuwa nayo.

Jumapili walipaswa kwenda kanisa la Berthelsdorf, la Kilutheri, ambako Mchungaji Rothe alihubiri. Watu wa Moravia walitaka utaratibu wa baba zao, maana kwa ajili yake waliteswa. Wakalvini waliona taratibu za Kilutheri zimebaki karibu mno na za Roma. Wengine walisema kanisa la serikali ni Babeli, na kulikaribia ni dhambi. Mtu mmoja aliyeitwa Krüger alifundisha kwamba Zinzendorf mwenyewe ni yule mnyama wa Ufunuo. Hata Christian David, aliyewaleta wote, alijitenga na kujijengea nyumba mbali na wenzake.

Zinzendorf angeweza kuwafukuza, kwa kuwa ardhi ilikuwa yake. Angeweza kuamuru wote wawe Walutheri kama yeye. Badala yake alichukua ruhusa kazini, akahamia Herrnhut na familia yake, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Aliketi na kila mtu, akasikiliza manung'uniko yake.

Tarehe 12 Mei 1727 aliwakusanya wote, akazungumza nao kwa saa tatu hivi juu ya ubaya wa mafarakano. Kisha walikubaliana kanuni za kijiji, wakapeana mikono. Kanuni hizo ziliwataka wakazi wakae katika upendo na watoto wote wa Mungu, wa kanisa lolote, wasiwahukumu wala kugombana nao. Walichagua wazee 12, na Christian David akawa mmoja wao. Vikundi vidogo vya maombi vikaanza.

Jumatano tarehe 13 Agosti 1727 walitembea pamoja hadi kanisa la Berthelsdorf kushiriki Meza ya Bwana. Waliokuwa hawasalimiani walikumbatiana na kulia. Walirudi kijijini wakiwa hawataki kuachana, wakakaa nyumba hii na ile wakizungumza, na Zinzendorf akawapelekea chakula kutoka nyumbani kwake. Karamu ya upendo ya Wamoravian ina chanzo chake hapo.

Tuangalie vizuri jambo hili. Siku hiyo hakuna aliyehama kanisa. Mlutheri alibaki Mlutheri, na mtu wa Moravia hakusahau mateso ya babu zake. Kilichobadilika ni kwamba walikula pamoja.

IBADA YA HERRNHUT NA NYUMBA YA WAGENI

Majuma mawili baadaye wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku, ili maombi yasikatike usiku wala mchana. Zamu hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1728 walianza kupelekeana neno moja la kila siku kutoka nyumba hadi nyumba, na tangu mwaka 1731 maneno hayo yamechapishwa kitabuni. Kitabu hicho kinasomwa hata leo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Mwaka 1732 vijana walikwenda makaburini alfajiri ya Pasaka kumsifu Bwana aliyefufuka, na Wamoravian wengi duniani wanafanya hivyo mpaka sasa.

Mwezi Agosti 1738 alifika mgeni kutoka Uingereza, John Wesley wa Kanisa la Anglikana, ambaye baadaye alianzisha Umethodisti. Alipewa malazi katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wageni. Alikaa siku kadhaa, akahudhuria mikutano yao, akasikiliza mahubiri ya Christian David na ushuhuda wa wakimbizi. Baadaye yeye na Wamoravian wa London walitofautiana, lakini mengi aliyoyaona Herrnhut aliyachukua, pamoja na karamu ya upendo.

MWENYEJI AWA MKIMBIZI

Kuwapokea wageni kulimgharimu. Watawala wa Austria walilalamika kwamba anawavuta raia wao, na wakuu wa Saxony walishuku mafundisho yake. Mwaka 1736 alifukuzwa katika nchi yake. Yeye na mke wake walikaa kwa muda katika ngome chakavu ya Ronneburg, katikati ya maskini, wakawafundisha watoto wao na kuwalisha. Hakuruhusiwa kurudi rasmi mpaka mwaka 1747. Erdmuthe ndiye aliyebeba mzigo wa hesabu na madeni ya nyumba.

Mwaka 1737 huko Berlin aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Umoja wa Ndugu. Aliyemwekea mikono ni Daniel Ernst Jablonski, mhubiri wa Kikalvini na mjukuu wa Comenius, askofu wa Ndugu aliyefia uhamishoni.

Wakati huo Injili ilikuwa imekwisha kutoka Herrnhut. Mwaka 1732 Leonhard Dober na David Nitschmann walikwenda kisiwa cha St. Thomas kuwahubiria watumwa Waafrika. Mwaka 1739 Zinzendorf alifika huko, akakuta wamisionari wamefungwa gerezani, akasaidia wakafunguliwa. Lakini hatuwezi kuficha kosa lake. Aliwaambia watumwa waendelee kuwatii mabwana zao, wala hakuupinga utumwa. Aliwakaribisha kwenye wokovu, akawaacha katika minyororo.

Kosa jingine alilifanya Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1742 aliitisha mikutano saba ya Wajerumani wa makanisa yote ili awaunganishe. Walikuja Walutheri, Wakalvini, Wamennonite na wengine. Mkutano baada ya mkutano walipungua. Walimwona mgeni anayetaka kuzipanga nyumba zao, na mchungaji wa Kilutheri Heinrich Mühlenberg alipofika mwaka huohuo alimpinga waziwazi. Herrnhut alikuwa mwenyeji aliyesikiliza kwanza, na watu wakaungana. Pennsylvania alikuwa mgeni aliyetaka kuongoza, na watu wakatawanyika.

Baadaye alifundisha kwamba kila kanisa ni njia ambayo Mungu huitumia kuwalea watoto wake. Kwa hiyo mtu aweza kushirikiana na Ndugu akiwa bado Mlutheri au Mkalvini.

MWISHO WAKE

Erdmuthe alifariki mwaka 1756. Mwaka uliofuata Zinzendorf alimwoa Anna Nitschmann, aliyekuwa mtoto wa wakimbizi kutoka Moravia. Tarehe 9 Mei 1760 Zinzendorf alifariki Herrnhut, na Anna akamfuata baada ya siku 12. Jeneza lake lilibebwa na wahubiri 32, baadhi yao wakiwa wametoka nchi za mbali. Kaburi lake liko pale Herrnhut, katika makaburi ya ndugu aliowapokea.

Mwaka 1891 wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, na miaka michache baadaye wakaingia Unyamwezi. Hivyo moto uliowashwa na wakimbizi kwenye kilima kile umefika mpaka pande zetu.

Ndugu zetu, hapa sisi ni wageni, na kwa mwenzetu atakayeshuka kwenye lori kesho tutakuwa wenyeji. Mtume Paulo anatuagiza tukaribishane kama Kristo alivyotukaribisha (Warumi 15:7). Mtu asiye na barua ana jina na ana ushuhuda. Tumwulize hayo kwanza. Mwimbo wake tusiouzoea tumwombe atufundishe. Na ibada ikiisha, asirudi kwenye hema lake bila kualikwa hata kwa uji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Mgeni akiingia kanisani kwetu, nani anamsemesha kwanza, na anamwuliza nini?
2. Ni jambo gani katika ibada yetu tungesikitika sana kulipoteza? Je, jirani yetu wa kanisa jingine naye ana jambo kama hilo?
3. Christian David alijitenga, kisha akarudi. Ni nani kati yetu amejitenga, na nani atakwenda kumtembelea?

TUOMBE

Ee Bwana, uliyezaliwa safarini na kukimbilia Misri, utufundishe kupokeana. Uilinde Meza yako isiwe mahali pa kuaibishana. Uwakumbuke wote watakaolala njiani usiku huu. Amina.