Henry Cowles na Mimea ya Mchangani

Henry Chandler Cowles alizaliwa mwaka 1869 katika jimbo la Connecticut, Marekani. Alifika Chuo Kikuu cha Chicago akisomea miamba na ardhi, lakini mwalimu wake John Coulter akamvuta kwenye elimu ya mimea. Inasemekana alijifunza hata Kidenmarki ili asome kitabu cha Eugenius Warming. Sisi tunaolalamikia Kilatini tunyamaze hapo.

Utafiti wake aliufanyia kwenye vilima vya mchanga kusini mwa Ziwa Michigan. Huko vilima vilivyo karibu na maji ndivyo vichanga, na kadiri unavyouacha ufuko unakuta vilivyo vikongwe. Hivyo, kwa kutembea tu, Cowles aliweza kuona mabadiliko ya karne nyingi.

Jirani na maji huota nyasi ziitwazo marram. Hizi hustawi kwa kufukiwa: upepo ukizimwagia mchanga huchipua juu yake, na mizizi yake huushika usihame. Ajabu ni kwamba mchanga ukishatulia, nyasi hizo hudhoofika. Huja misonobari. Majani yake yanayooza huurutubisha mchanga, lakini kivulini mwake miche yake yenyewe hukosa jua, na mialoni huchukua nafasi. Kwetu wanafalsafa hili ni gumu kulipita: mmea hushindwa na mahali ulipopatengeneza wenyewe. Hata hivyo marram haitoweki, kwani ziwa huleta mchanga mpya na zenyewe huanza upya ufukoni, mahali ambapo mwaloni hauwezi kuishi.

Kazi hiyo ilimpatia udaktari mwaka 1898, ikachapishwa mwaka 1899.

Wakati huo mchanga wenyewe ulikuwa unaondoka. Mji wa Gary ulianzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya kiwanda cha chuma, hapohapo kwenye vilima. Kilima kikubwa kilichoitwa Hoosier Slide kilichotwa hadi kikaisha, mchanga wake ukatengenezewa vioo. Mwaka 1916 Cowles alisimama mbele ya Stephen Mather, ofisa wa serikali, akaomba vilima vilivyobaki viwe hifadhi ya taifa. Mwaka uliofuata Marekani ikaingia vitani, na ombi likalala.

Jimbo la Indiana lilikuja kuhifadhi kipande katika miaka ya 1920. Cowles alifariki mwaka 1939. Bunge la Marekani lilipitisha hifadhi ya ufuko huo mwaka 1966, na ndani yake kuna kinamasi chenye jina lake.