Josina alipokuwa na umri wetu

Waliopita JKT mtanielewa. Siku ya kulenga shabaha SAR yangu iligoma: nimefyatua, ganda la risasi limechungulia tu, halikuruka. Afande hata hakufoka, akaniambia niifungue palepale. Ndani, bomba la gesi lilikuwa jeusi kwa masizi. Bunduki ile hujipakia yenyewe: gesi ya baruti hupenya tundu la mtutu na kusukuma pistoni, pistoni hurudisha bolti nyuma, ganda hutoka, kisha springi huisukuma bolti mbele na risasi mpya. Masizi yakijaa, bolti inaishia njiani. Kwa hiyo safisha kwanza, ndipo uilaumu springi. Kosa lilikuwa langu, jana yake nilifuta nje tu.

Mimi ni mtoto wa Nachingwea, na nilipokuwa nasugua pistoni ile nilimkumbuka Josina Machel. Kwetu, kwenye kambi ya FRELIMO ya Farm 17, ndiko alikofundishwa vita.

Alizaliwa Josina Muthemba, tarehe 10 Agosti 1945, mkoa wa Inhambane, Msumbiji. Mwaka 1964 alitoroka na wenzake, wakakamatwa Victoria Falls, wakarudishwa, akafungwa miezi kadhaa. Alipotoka akatoroka tena! Akafika Dar es Salaam mwaka 1965, akafanya kazi na Janet Mondlane kwenye Taasisi ya Msumbiji. Akapewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, akaikataa. Sisi tunaohesabu siku za bumu, tuseme ukweli, wangapi tungekataa?

Mwaka 1967 akawa mmoja wa wasichana 25 walioingia Nachingwea kwa mafunzo ya miezi mitatu. Umri wake ulikuwa kama wangu leo. Wapo wanaume waliodhani bunduki si kazi ya mwanamke. Lakini ukivuka Ruvuma bunduki ikagoma, hakuna afande wa kukusimamia. Kuisafisha ni kazi ya aliyeibeba, awe nani.

Kikosi cha wanawake kilibeba mizigo, kililinda vijiji, kiliwaelimisha wananchi. Kama mwalimu mtarajiwa, kinachonigusa zaidi ni vituo vya watoto waliopoteza wazazi vitani. Josina alivihangaikia hasa, na mwaka 1969 akakabidhiwa idara ya mambo ya jamii. Mei mwaka huohuo akaolewa na Samora Machel kule Tunduru, Novemba akamzaa Samito.

Kisha maradhi. Alitibiwa Moscow, akashauriwa kupumzika, akarudi kazini. Machi 1971, akiwa Cabo Delgado, nguvu zilimwishia. Kabla ya kuvuka kurudi Tanzania aliwakabidhi wenzake bastola yake wampelekee mkuu wa jeshi wa mkoa, itumike. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Samito alikuwa hajafikisha miaka miwili.