Musa bin Maimun, tabibu wa Kiyahudi katika zama za Salahuddin

Vijana wetu wa siku hizi hulijua jina la Myahudi kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni visa vya Manabii walivyosomeshwa chuoni, na ya pili ni habari za vita vya Palestina zinazoingia majumbani mwetu kila jioni. Baina ya mbili hizo pana pengo la karne nyingi, na ndani ya pengo hilo walipita watu ambao wazee wetu wa elimu waliwajua kwa majina na kuvisoma vitabu vyao. Leo nimekusudia kumtaja mmoja, na kilichonikumbusha habari zake ni barua.

Barua yenyewe iliandikwa yapata miaka mia nane na hamsini iliyopita katika bandari ya Aidhab, pwani ya Bahari ya Shamu. Ilisalimika kwa kuwa Mayahudi wa mji wa Fustat, Misri, walikuwa na ada ya kutotupa ovyo karatasi iliyoandikwa, kwa kuchelea isije ikawa na jina la Mwenyezi Mungu, mfano wa sisi tunavyoziepusha na jaa karatasi zenye aya. Walizirundika katika chumba cha sinagogi lao. Mwaka 1896 mwanachuoni Solomon Schechter alikwenda Misri, na kutoka chumba hicho akachukua karatasi na vipande kiasi cha 193,000 hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Siku hizi chuo hicho kimevipiga picha na kuvitia katika intaneti, na kijana yeyote mwenye simu aweza kuvitazama bila ya kulipa kiingilio.

Nilimwonyesha binti yangu, aliye kidato cha tatu. Herufi hakuitambua hata moja, maana ni za Kiibrania. Nilipomwambia kwamba lugha iliyomo ni Kiarabu alidhani namfanyia mzaha. Ikanibidi nilifungue sanduku la marehemu babu yake, nimtolee tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ndipo akaelewa kwamba watu huandika lugha waisemayo kwa herufi walizofunzwa utotoni.

Aliyeiandika barua hiyo ni Daudi bin Maimun, mfanyabiashara wa vito. Aliyeandikiwa ni kaka yake, Musa bin Maimun, ambaye Wazungu humwita Maimonides. Huyo ndiye mtu wetu.

Musa alizaliwa Qurtuba, Andalusi, mwaka 1138, katika nyumba ya kadhi wa Kiyahudi. Mji ulikuwa ule ule wa Ibn Rushd, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na miwili. Mwaka 1148 majeshi ya Al-Muwahhidun yakauteka, na watawala hao, tofauti na waliowatangulia, hawakuwaachia Mayahudi wala Wakristo nafasi ya kubaki na dini zao chini ya dhima. Mtu alitakiwa ama asilimu, ama ahame, ama auawe. Hili tusilifiche. Ibn Rushd mwenyewe, Mwislamu na kadhi mkubwa, ilimfika zamu yake mwaka 1195 vitabu vyake vilipopigwa marufuku naye akahamishwa mji.

Nyumba ya Maimun ilitangatanga miaka mingi. Kiasi cha mwaka 1160 walikuwa Fas, Maghribi, chini ya dola ile ile. Mwaka 1165 wakapanda chombo hadi Akka, nchi ya Palestina iliyokuwa mikononi mwa Wasalibu, na kutoka huko wakashuka Misri. Katika tanga hilo lote kijana Musa hakuweka kalamu chini. Sherehe yake ya sheria za Kiyahudi aliianza Maghribi, akaandika hata njiani, akaimaliza Misri mwaka 1168. Aliiandika kwa Kiarabu.

Misri ndugu hao waligawana kazi. Daudi alifanya biashara, Musa akakaa na vitabu, na mapato yakawalisha wote. Katika barua ya Aidhab, Daudi anamweleza kaka yake jinsi alivyovuka jangwa na mwenzake mmoja tu, bila msafara, jambo la hatari kubwa. Lakini msafara uliowafuata ndio uliovamiwa na wezi, watu wakajeruhiwa na wengine wakafa kwa kiu. Bandarini hakupata bidhaa ya maana ila nili, basi akaazimia kupanda chombo kwenda Bara Hindi. Anamtuliza kaka yake asihangaike, na anamkumbusha mkewe aliyemwacha nyumbani.

Daudi alizama katika Bahari ya Hindi, hii hii yetu. Alizama na mali yake, ya kaka yake na amana za watu, akaacha mjane na binti mdogo. Sisi tuliozaliwa na watu wa majahazi hatuna haja ya kuelezwa habari kama hiyo inavyoingia nyumbani. Musa alilala kitandani karibu mwaka mzima kwa homa na majonzi, na miaka minane baadaye alimwandikia rafiki yake wa Akka kwamba kila aonapo hati ya mkono wa nduguye moyo wake hupinduka.

Alipoinuka ilimlazimu atafute riziki. Kula kwa elimu ya dini alikuona ni aibu, basi akashika utabibu. Hapa ndipo anapoingia Al-Qadhi al-Fadhil, katibu na mshauri mkubwa wa Sultani Salahuddin, bingwa wa insha za Kiarabu. Bwana huyu alimwandika miongoni mwa matabibu wa serikali na kumkatia mshahara.

Fadhila yake kubwa kuliko hiyo ilikuja baadaye. Alifika Misri mtu wa Andalusi aitwaye Ibn Maisha, akamshitaki Musa kuwa alisilimu kule Magharibi kisha akaritadi. Msomaji anajua uzito wa shitaka hilo, maana mbele yake ulikuwa upanga. Kama kweli alisilimu kwa dhahiri au hakusilimu, wanahistoria wangali wakibishana. Al-Fadhil alitoa neno kwamba aliyelazimishwa kusilimu, Uislamu wake hausihi kisheria, na kesi ikaishia hapo. Aliyetuhifadhia kisa hiki ni Ibn al-Qifti, mwanahistoria Mwislamu wa zama hizo hizo.

Mtu huyu hakuwa malaika wala hakuwa mwenzetu wa kibla. Katika waraka aliowaandikia Mayahudi wa Yemen, kiasi cha mwaka 1172, walipokuwa wakilazimishwa kuacha dini yao, mna maneno makali juu ya dini yetu ambayo Mwislamu hatayasoma kwa raha. Lakini ni yeye huyo aliyemjibu mtu aliyesilimu kwa Kiyahudi, ambaye mwalimu wake alimwambia kwamba Waislamu huabudu masanamu. Musa alimkana mwalimu yule waziwazi, akasema Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja bila dosari. Yote mawili yametoka katika kalamu moja.

Utabibu wake aliuandika kwa Kiarabu, kiasi cha vitabu kumi, vikiwemo vya pumu, sumu na majina ya dawa. Kile cha sumu alikiandika kwa amri ya Al-Fadhil mwaka 1199, kimfae mtu aliyeumwa na nyoka mbali na tabibu. Kwa Al-Afdhal, mwana wa Salahuddin, aliyesumbuliwa na tumbo na huzuni, alitunga risala ya kuhifadhi afya, na humo akaitazama hali ya nafsi pamoja na mwili. Alimtajia hata mvinyo na nyimbo, kisha akaomba radhi, kwamba anajua sharia inavyokataza ila wajibu wa tabibu ni kusema kinachofaa na uamuzi ni wa mgonjwa. Hapo wengine watakunja uso.

Kitabu chake mashuhuri, Dalalat al-Hairin, alichokimaliza kiasi cha mwaka 1190, kinataka kupatanisha dini na falsafa, na alimheshimu mno Al-Farabi. Thomas Aquinas wa Wakristo alikisoma kwa Kilatini. Abdullatif al-Baghdadi, aliyeingia Misri akitaka kuonana na watu watatu tu, mmoja wao Musa, alimsifu mtu akakilaumu kitabu.

Mwaka 1199 alimweleza mfasiri wake jinsi siku zake zilivyokwisha. Kila asubuhi alitoka Fustat kwenda jumba la mfalme Kairo, akarudi mchana na njaa, akakuta ukumbi umejaa wagonjwa, Mayahudi na wasio Mayahudi, wakubwa kwa wadogo. Aliwaomba wamngoje ale kidogo, kisha akawatibu hadi usiku, mwishowe akiwa amelala chali kwa uchovu.

Alifariki tarehe 13 Disemba, 1204, na kaburi lake laonyeshwa Tabariya. Mwanawe Ibrahim alikuwa na miaka kumi na minane. Alirithi uongozi wa Mayahudi wa Misri na utabibu wa baba, akawa mpenzi wa mwendo wa Masufi hata akawasifu katika vitabu vyake. Ibn Abi Usaibia, mwandishi wa tabaka za matabibu, alifanya kazi naye katika hospitali ya Kairo, na anamtaja kuwa ni mzee mrefu, mwembamba, mwenye mazungumzo matamu.