Sajini Nigel Leakey wa K.A.R.

Walikuwako wazee wa pande zetu, Busia na Tororo, waliovaa sare ya K.A.R. katika Vita Kuu ya Pili. Basi yafaa tujue habari za mtu wa jeshi hilo aliyepewa Victoria Cross, nishani ya ushujaa iliyo kubwa kuliko zote za Kiingereza. Zama za vita vya Napoleon nishani ya namna hiyo haikuwako. Ilianzishwa mwaka 1856, nayo haitazami cheo cha mtu.

Nigel Gray Leakey alizaliwa Kiganjo, Kenya, tarehe 1 Januari 1913. Alikuwa wa jamaa moja na Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale. Vita vilipokuja akawa sajini katika kikosi cha Sita cha K.A.R., kikosi cha Tanganyika.

Tarehe 19 Mei 1941 walikuwa Colito, kusini ya Uhabeshi, wakipigana na Waitalia. Kombania mbili zilikwisha kuvuka mto Billate, mara vifaru vya adui vikawatokea. Leakey alikuwa amemaliza makombora yote ya mzinga wake mdogo. Hata hivyo hakurudi nyuma. Alirukia juu ya kifaru kimoja, akafungua kifuniko, akawapiga kwa bastola waliokuwamo, akamwacha dereva tu, akamlazimisha kukipeleka mahali pa salama. Alipojaribu kuupiga mzinga wa kifaru hicho hakuweza, akashuka na kuvifuata vingine kwa miguu katikati ya risasi. Akarukia kifaru kingine, akamwua mmoja wa waliomo, ndipo alipopigwa risasi kutoka kifaru kilichofuata nyuma. Mahali pale palipowazuia pakatwaliwa. Umri wake ulikuwa miaka 28. Kaburi lake halijulikani. Jina lake limeandikwa katika ukumbusho wa Nyeri. Nishani ilitangazwa Novemba 1945.

Lakini hakwenda peke yake. Alifuatana na sajini meja Mwafrika na askari wawili, nao walivikabili vifaru vile vile. Tangazo la nishani lawataja kwa vyeo tu, bila majina. Wala hapana askari Mwafrika wa K.A.R. aliyepata kuvikwa Victoria Cross.

Chanda chema huvikwa pete, lakini mkono una vidole vitano. Wanafunzi wenzangu, ulizeni nyumbani kama babu zenu walikwenda vitani, mkaandike majina yao na mahali walipopigana, yasije yakapotea kama ya wale watatu.